Umeme wa jua nyumbani: Anza na chumba cha kulala



Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona safu hii ya afya leo inazungumzia paneli, betri na nyaya, mambo ambayo tumezoea kumwachia fundi. Sababu ni kwamba watu wengi wanaotaka kufunga umeme wa jua huuliza kwanza kama utawasha televisheni. Ni wachache wanaouliza utaondoa nini ndani ya nyumba. Kwa sisi watu wa tiba, swali hili la pili ndilo lenye uzito zaidi. Umeme wa jua ukifungwa vizuri, unaondoa moto katika chumba wanacholala watoto. Ukifungwa ovyo, unaondoa moto huo na kuleta asidi na madini ya risasi mahali pake.

Kwa hiyo katika makala haya tutaeleza namna ya kuanza, hatua kwa hatua, kwa mtu mwenye kipato cha kawaida, na wakati huohuo tutaonyesha mahali penye hatari na huduma ya kwanza inayotakiwa.

TUNAKIMBIA NINI?

Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi, lakini zipo nyumba zilizo mbali na nguzo, na zipo zilizo karibu ambazo wenyewe hawajamudu gharama za kuunganishiwa. Humo bado utakuta kibatari, mshumaa au taa ya chemli. Madhara yake ni matatu makubwa.

La kwanza ni moshi. Kibatari hakina kioo wala kitu cha kurekebisha mwako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa katika taa za utambi za namna hii, asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua hugeuka kuwa masizi meusi. Hayo ndiyo yanayoonekana ukutani, kwenye neti na kwenye leso unapopenga kamasi asubuhi. Yale madogo zaidi hayaonekani kwa macho, nayo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, lilisema wazi kuwa halipendekezi mafuta ya taa kutumika majumbani. Mtoto mwenye pumu au mwenye vichomi vya mara kwa mara, ambaye kila usiku analala karibu na kibatari, dawa za hospitali zitamsaidia nusu tu ya safari.

La pili ni moto. Neti, kanga, godoro la sponji na paa la makuti vyote hushika moto kwa haraka. Hatari huzidi pale mafuta ya taa yanapokuwa yamechakachuliwa kwa kuchanganywa na petroli, kwani hapo taa inaweza kulipuka mkononi mwa anayeiwasha. Sote tunafahamu kuwa Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuzima taa na moto kabla ya kulala, na katika mafundisho hayo akatutahadharisha hata na panya anayeweza kuuvuta utambi na kuiunguza nyumba. Lakini mama mwenye mtoto mchanga, au anayemuuguza mzee, atakwambia kuwa hawezi kulala katika giza tupu. Hivyo hukiacha kibatari kikiwaka kwa kupunguza utambi, na hapo ndipo ajali nyingi hutokea. Taa ndogo ya sola ya wati moja inamtatulia mama huyu tatizo lake bila ya kuacha moto ukiwaka watu wamelala.

Mtu akiungua, mpeleke haraka kwenye maji. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Vua pete, bangili na nguo, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Kisha funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala tope. Vitu hivyo hutunza joto ndani ya jeraha, huingiza vijidudu, na humpa kazi ya ziada yule atakayelisafisha.

La tatu ni kunywa mafuta ya taa. Mafuta haya huhifadhiwa kwenye chupa ya maji au ya soda, mtoto wa miaka miwili akiwa na kiu anadhani ni maji. Hatari kubwa haiko tumboni bali kwenye mapafu, kwani mafuta yakipita njia ya hewa huleta kichomi kikali. Kwa sababu hiyo usimtapishe, wala usimpe maziwa au maji ya chumvi ili atapike. Akitapika mafuta hupanda tena na kupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa mafuta, osha ngozi kwa sabuni na maji, mpeleke hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kikohozi, kupumua kwa haraka na kusinzia vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

ANZA NA KIDOGO

Wengi huahirisha umeme wa jua mwaka hadi mwaka kwa kudhani kuwa ni lazima uwe na fedha za kuwasha nyumba nzima siku moja. Sivyo. Zipo ngazi tatu, na unaweza kupanda kwa kadiri ya uwezo wako.

Ngazi ya kwanza ni taa moja ya mkononi yenye kipaneli chake kidogo, ambayo huanikwa mchana na kutumika usiku. Ngazi ya pili ni seti ndogo yenye paneli, kisanduku cha betri, taa tatu au nne na sehemu ya kuchajia simu. Ngazi ya tatu ni mfumo wa kuunganisha mwenyewe, yaani paneli, kontrola ya chaji, betri na nyaya za kwenda vyumbani.

Katika ngazi yoyote uliyopo, shauri letu ni moja: taa ya kwanza ipelekwe chumba wanacholala watoto, ya pili jikoni, ya tatu njia ya kwenda chooni. Sebule ingoje. Jikoni ndipo mama anaposhika kisu na sufuria ya moto gizani, na njia ya chooni ndipo wazee wanapoteleza na nyoka kukanyagwa. Mgeni akikaa sebuleni kwa taa hafifu hapati madhara yoyote.

Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari uandike kwa mwezi mzima fedha unazotumia kununua mafuta ya taa, mishumaa, betri za tochi na kuchajisha simu kwa jirani. Watu wengi hawajui jumla yake kwa kuwa hutoka kidogo kidogo. Jumla hiyo ndiyo itakuonyesha unaweza kununua mfumo wa kiasi gani, na utarudisha fedha zako baada ya miezi mingapi.

HESABU YA MFUMO MDOGO

Hesabu hii haihitaji elimu kubwa, na ukiijua hutauziwa kitu usichokihitaji. Nguvu ya kila kifaa imeandikwa kwa wati. Zidisha wati hizo kwa idadi ya saa ambazo kifaa kitafanya kazi, utapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme kitakachotumika. Tuchukue mfano wa familia yenye mahitaji haya kwa siku moja:

Taa 4 za LED za wati 5, kila moja saa 4: wati-saa 80.
Taa ndogo ya usiku ya wati 1, saa 8: wati-saa 8.
Redio ya wati 5, saa 4: wati-saa 20.
Simu 2, kila moja wati-saa 16: wati-saa 32.
Jumla: wati-saa 140.

Sasa tutafute paneli. Mchana wetu una saa 12, lakini asubuhi na jioni jua ni dhaifu, hivyo mafundi huhesabu saa 5 tu za jua kamili kwa siku. Aidha, karibu asilimia 30 ya umeme hupotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri. Kwa hiyo gawa 140 kwa 5, kisha gawa kwa 0.7, utapata wati 40. Nunua paneli ya wati 50 ili siku za mawingu zisikutese.

Betri nayo iwe na akiba ya siku mbili. Zidisha 140 kwa 2, unapata 280. Betri ya kawaida ya risasi na asidi haitakiwi kutumika zaidi ya nusu ya ujazo wake, kwani ukizoea kuimaliza kabisa itakufa mapema. Kwa hiyo zidisha tena kwa 2, unapata 560. Gawa kwa volti 12, jibu ni takribani 47. Betri ya Ah 50 itatosha.

Ukitaka kuongeza televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 4, umeongeza wati-saa 80. Jumla inakuwa 220, paneli inapanda hadi wati 80 na betri hadi Ah 75. Unaona, ndugu msomaji, kuwa televisheni peke yake inataka umeme sawa na taa zote nne. Si vibaya kuwa nayo, lakini iingie kwenye hesabu kabla ya kuingia ndani ya nyumba.

Pasi ya umeme, birika na jiko la umeme visahau kabisa katika mfumo huu. Pasi ya wati 1000 kwa saa moja inakula umeme wa familia hii wa siku 7. Vilevile tusidanganyane: sola ndogo haipiki chakula, kwa hiyo moshi wa kuni na mkaa utabaki pale pale, nao una tiba yake nyingine.

KUNUNUA BILA KUDANGANYWA

Paneli. Zipo paneli zilizoandikwa wati 100 ambazo hazitoi hata nusu yake. Karatasi ya nyuma si ushahidi wa kutosha. Muombe muuzaji aitoe kwenye jua la mchana na aipime kwa mita. Paneli nzuri ya volti 12 ikipimwa bila kuunganishwa na kitu huonyesha volti 21 au 22, lakini hata paneli mbovu inaweza kuonyesha hivyo. Kinachosema kweli ni ampea. Paneli ya wati 50 katika jua kali inapaswa kutoa karibu ampea 3. Ikitoa moja na nusu, umeuziwa ya wati 25. Linganisha pia na zilizo pembeni yake: paneli mbili zenye wati sawa zikitofautiana sana ukubwa na uzito, uliza kwa nini.

Kwa taa za mkononi na seti ndogo, uliza kama bidhaa imepimwa chini ya mpango wa ubora wa kimataifa uliojulikana kama Lighting Global, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa VeraSol. Dai pia waranti ya maandishi.

Kontrola ya chaji. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi mchana wala isimalizwe usiku. Watu huiruka ili kubana matumizi, wakaifunga paneli moja kwa moja kwenye betri. Matokeo yake betri inachemka, inatoa gesi na kufa mapema. Kwa paneli ya wati 50, kontrola ya ampea 10 inatosha na inakuachia nafasi ya kuongeza paneli nyingine.

Betri. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha haitakaa muda mrefu. Tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola. Siku hizi zipo pia betri za lithiamu, ambazo bei yake iko juu zaidi lakini hudumu miaka mingi, hazina asidi wala hazihitaji kuongezwa maji, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya ujazo wake. Katika mfano wetu, betri ya lithiamu ya Ah 30 ingetosha. Hakikisha tu kontrola yako inakubali lithiamu, na usinunue zile zinazounganishwa mitaani kwa vipande vya betri za kompyuta kuukuu, kwani zinaweza kushika moto.

Inveta. Kazi yake ni kubadili umeme wa betri wa volti 12 kuwa volti 230. Kama taa, redio na chaja zako ni za volti 12, huihitaji. Hili lina faida ya usalama pia. Volti 12 kwa kawaida haziwezi kumuua mtu kwa shoti, lakini kinachotoka kwenye inveta ni sawa na umeme wa nguzo na kinaua vilevile. Ukiwa nayo, soketi zake zifungwe na fundi umeme.

Nyaya na fyuzi. Umeme wa volti 12 unahitaji waya mnene. Waya mwembamba wa spika hupoteza umeme, hupata joto na huweza kuwaka ndani ya ukuta wa makuti au mbao. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 kwa taa, na mnene zaidi kati ya betri na kontrola. Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo, nacho ndicho kitakachoizuia nyumba isiungue nyaya zikigusana.

Tukizungumzia ununuzi, kampuni nyingi sasa hukopesha sola kwa malipo madogo madogo kupitia simu. Kabla ya kukubali, uliza mambo manne: bei ya taslimu ni ngapi, jumla utakayolipa mwisho ni ngapi, ukichelewa kulipa kunatokea nini, na baada ya kumaliza deni chombo ni chako moja kwa moja au la. Mkataba uchukue, usome nyumbani. Ama hukumu ya malipo ya nyongeza au faini ya kuchelewa, hilo mpelekee sheikh wako pamoja na mkataba wenyewe, naye atakujibu kwa alichokisoma humo.

KUFUNGA PANELI

Paneli ikae mahali pasipo na kivuli tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Tawi moja la mwembe au kuti la mnazi likifunika kona tu, umeme unaweza kupungua sana, kwa sababu vipande vya ndani ya paneli vimeunganishwa kama mnyororo. Kwa sisi wa kusini mwa Ikweta, yaani Tanzania yote na pwani ya Kenya, paneli ielekee kaskazini. Ipe mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe yenyewe, na acha nafasi ya kupitisha upepo kati yake na bati, kwani paneli ikipata joto sana hutoa umeme mdogo.

Anayepanda juu ya paa asiwe peke yake, wala asipande wakati bati limelowa. Kuanguka kutoka kwenye paa kunavunja mgongo, na mgongo uliovunjika ni ugonjwa wa maisha. Kama huna fundi wa uhakika, funga paneli kwenye nguzo imara uani.

Katika kuunganisha, mpangilio ni huu: kwanza betri kwenye kontrola, kisha paneli, mwisho taa. Ukifungua, anza kinyume chake. Chanya iende kwenye chanya na hasi kwenye hasi. Kabla ya kugusa betri vua pete, saa na bangili. Betri ya volti 12 haitakupiga shoti, lakini spana au bangili ikigusa ncha zote mbili hupita umeme mwingi sana kwa mara moja, chuma hugeuka chekundu, na kidole kilichovaa pete huungua hadi mfupani.

BETRI ISILALE NA WATU

Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote. Katika nyumba nyingi betri huwekwa chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Betri ya risasi na asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo haina rangi wala harufu, na ikikusanyika mahali pasipo na hewa hulipuka kwa cheche moja tu. Mtu anayekwenda kuiangalia kwa kibatari au sigara mdomoni amekwenda kulipua asidi usoni mwake.

Itengenezee sanduku la mbao lenye matundu juu na chini na komeo la kufuli. Liweke barazani au stoo yenye dirisha, juu ya ubao, kivulini, mbali na jiko na mahali wanapocheza watoto. Kama wezi ni tishio, funga sanduku kwa mnyororo ukutani.

Betri zenye vifuniko vya kufungua zinahitaji kuangaliwa maji kila mwezi. Ongeza maji safi maalumu yasiyo na asidi yanayouzwa kwa ajili ya betri, hadi yafunike bamba za ndani. Usiongeze maji ya bomba wala ya kisima kwa sababu yana chumvi. Usiongeze asidi kamwe. Maduka mengine huuza vyote viwili, asidi na maji, kwa jina moja la maji ya betri, kwa hiyo uliza na usome chupa. Vaa glavu na miwani, na chupa hiyo ihifadhiwe kwenye kufuli pamoja na betri.

Asidi ikiingia jichoni, kila sekunde ina thamani. Fungua kope kwa vidole na umiminie jicho maji mengi safi kwa dakika 20 bila ya kukatisha, ukianzia upande wa pua kuelekea nje ili asidi isivuke kwenda jicho la pili. Usitie maziwa ya mama, ndimu wala dawa iliyobaki ya jicho. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua. Asidi ikimwagika kwenye ngozi, vua nguo na ujimwagie maji mengi vivyo hivyo.

BETRI ILIYOKUFA

Betri ya risasi itakufa siku moja, na hapo ndipo madhara makubwa kuliko yote huweza kuanza. Wapo wanaoipasua uani, wakamwaga asidi na kuyeyusha risasi jikoni ili kutengeneza vizito vya nyavu. Vumbi la risasi hubaki kwenye udongo, kwenye nguo na mikononi. Mtoto anayetambaa hulila. Risasi huharibu ubongo unaokua: mtoto huwa mzito wa kuelewa na mwenye hasira, hupungukiwa damu, na ikizidi hupata degedege na kufa. Kwa mama mjamzito hupita hadi kwa aliye tumboni. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama.

Haya yamekwisha kuwafika watu. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, jijini Dakar, Senegal, ambako watu walikuwa wakipasua betri kuukuu na kuchekecha udongo wake kutafuta risasi, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Karibu nasi zaidi, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani na makazi yao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa haki yao mwaka 2024.

Kwa hiyo betri iliyokufa usiipasue, usimwage asidi yake, wala usimuuzie mtu atakayekwenda kuipasua uani kwake. Iweke wima, irudishe nzima kwenye duka unaponunua mpya. Maduka mengi huichukua na kukupunguzia bei.

MATUNZO YA KILA SIKU

Futa paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla haijapata joto, hasa wakati wa kiangazi chenye vumbi. Angalia maungio ya betri yasiwe na kutu nyeupe. Taa ya kusomea, iwe ya watoto wa shule au ya msahafu, itoke juu au upande wa bega la kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, isielekee machoni. Wakati wa masika, jua likipungua kwa siku kadhaa, punguza matumizi kwa mpangilio: televisheni izimwe kwanza, redio ifuate, taa ya chumba cha watoto iwe ya mwisho.

Na sola ikishawaka, usikiweke kibatari akiba juu ya kabati pamoja na chupa yake. Nyumba nyingi zina sola na bado zina mafuta ya taa kwenye chupa ya soda mvunguni, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyaondoa. Weka tochi iwe akiba ya siku ya mawingu.

Ndugu msomaji, usiku wa leo kabla hujalala, pita chumba kwa chumba uone ni wapi panawaka moto watu wakiwa wamelala, na ni wapi mafuta ya taa yamewekwa kwenye chupa ya maji. Chupa hiyo iondoe leo, haihitaji fedha. Moto huo uandike mstari wa kwanza wa daftari lako la hesabu ya sola, na fedha ya kwanza utakayoipata ielekee huko.

Wabillahi tawfiiq.